Kingamwili nyingi, wagonjwa wachache: kisa cha Limão Verde

Limão Verde ni makazi ya Waterena, wenyeji asilia wa Brazili, karibu na mji wa Aquidauana katika jimbo la Mato Grosso do Sul. Kwa madaktari wa ngozi, jina la mahali hapo limefungamana na ugonjwa mmoja, fogo selvagem, ambao kwa Kireno maana yake ni moto wa porini. Ngozi hutoka malengelenge mepesi yanayopasuka upesi, ikabaki mibabuko yenye magamba, kuanzia usoni, kifuani na mgongoni, na kwa wengine ikaenea mwili mzima. Mgonjwa husema anaungua, na jua humwongezea mateso. Kabla ya kotisoni kupatikana, wengi walikufa kwa ugonjwa huu.

Ndugu wa ugonjwa huu, pemfigasi foliasia, yupo duniani kote, lakini ni adimu mno na kwa kawaida humpata mtu mzima mmoja hapa, mwingine kule. Limão Verde hali ilikuwa tofauti kabisa. Takriban watu watatu katika kila mia walikuwa wameugua, na miongoni mwao walikuwemo watoto, vijana na watu wa ukoo mmoja.

Nimekichukua kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo maelezo mengi ya magonjwa ya kinga hulipita kando. Tumezoea kuambiwa kwamba kinga ya mgonjwa imechanganyikiwa, haimjui tena adui wala rafiki. Maelezo hayo hayatoshi. Hayasemi mkanganyiko ulianza lini, wala kwa nini umpate huyu na kumwacha jirani yake anayelala chini ya paa la aina ileile na kuteka maji mto uleule. Timu ya watafiti wa Brazili na Marekani, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Luis Diaz wa Chuo Kikuu cha North Carolina akishirikiana na wenzake wa São Paulo akiwemo Evandro Rivitti, ilirudi kijijini mara kwa mara kuchukua damu. Walichukua za wagonjwa na za wazima pia, wakazihifadhi. Uamuzi huo wa kuchukua damu za watu wasiougua chochote ndio uliokifanya kisa hiki kiwe na thamani, na heshima ya kwanza wanastahili Waterena waliokubali kutoa mkono mwaka baada ya mwaka.

Kitu kinachoshambuliwa

Seli za ngozi hazikai tu bega kwa bega, zimefungwa pamoja na protini zinazotokeza nje ya kila seli. Moja ya protini hizo inaitwa desmogleini-1. Sehemu yake ya nje ina vipande vitano, vinavyopewa majina EC1 hadi EC5. EC5 ndicho kilicho karibu na ukuta wa seli, na EC1 ndicho kilicho mbali zaidi, kinachokutana na mwenzake kutoka seli ya jirani. Mfikirie mtu aliyeshikana mkono na jirani yake: EC5 ni bega, EC1 ni vidole. Picha hiyo tutaihitaji baadaye.

Katika fogo selvagem, damu ya mgonjwa ina kingamwili, yaani protini za kinga zinazojishikiza kwenye kitu kinachodhaniwa ni adui, na hizi zinaishika desmogleini-1. Seli zinaachiana kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, na nafasi inayobaki inajaa majimaji. Kinywa hakiguswi, kwa sababu utando wa mdomo una desmogleini-3 kwa wingi, nayo inatosha kushikilia seli hata ile ya kwanza inapozuiwa. Inafaa kujua pia kwamba bakteria wa stafilokoki, wale wanaowatoa watoto malengelenge ya ngozi, wana sumu inayoikata desmogleini-1 hiihii. Njia mbili zisizohusiana kabisa zinafika kwenye protini moja, na ngozi inababuka kwa namna inayofanana.

Je, kingamwili hizo ndizo zinazoleta ugonjwa, au ni moshi tu wa moto uliowashwa na kitu kingine? Swali hili lilijibiwa mapema. Mwaka 1985 watafiti walitenga kingamwili za aina ya IgG kutoka damu za wagonjwa wa Brazili wakawadunga panya wachanga, na panya hao wakatoka malengelenge yanayofanana na ya binadamu. Mwaka 1989 walionyesha kwamba kazi hiyo inafanywa hasa na tawi moja la IgG, yaani IgG4. Baadaye ikaonekana kwamba hata kipande cha kingamwili kilichobakiwa na ncha moja tu ya kushikia kinatosha. Maana yake ni kwamba kingamwili hizi hazihitaji kuita askari wengine wa kinga waje kuunguza seli. Kule kujishikiza tu kwenye desmogleini-1 kunatosha kuwaachanisha majirani.

Nusu ya kijiji

Mwaka 2000 timu hiyo ilichapisha matokeo ambayo, kwa maoni yangu, yangepaswa kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa udaktari. Walipima damu za wakazi 93 wa Limão Verde wasio na ugonjwa wowote wa ngozi. Asilimia 55 kati yao walikuwa na kingamwili dhidi ya desmogleini-1. Kwa watu wasiougua wa maeneo ya jirani kiwango kilishuka hadi asilimia 19, na kwa watu wanaoishi mbali na eneo la ugonjwa kingamwili hizo zilikuwa nadra.

Hebu tusimame hapo. Wagonjwa ni watu watatu katika mia, lakini kingamwili inayojulikana kushambulia ngozi imo katika zaidi ya nusu ya watu wasiougua. Wanalima, wanazaa, wanazeeka na ngozi zao nzuri. Kama kingamwili dhidi ya mwili ingekuwa ndiyo ugonjwa wenyewe, nusu ya kijiji ingekuwa hospitalini.

Kulikuwa na jambo jingine katika damu zile zilizohifadhiwa. Watu watano waliougua baadaye walikuwa wametoa damu mwaka mmoja hadi mitano kabla ya dalili, na walio wengi kati yao tayari walikuwa na kingamwili wakati huo. Ugonjwa ulipoanza, kiwango kilipanda ghafla.

Kwa hiyo swali linabadilika. Tunaacha kuuliza kwa nini mwili umetengeneza kingamwili dhidi yake wenyewe, kwa sababu hilo linaonekana kutokea kwa urahisi na kwa watu wengi. Tunauliza nini kilibadilika kati ya miaka ile ya ukimya na siku lengelenge la kwanza lilipotokea.

Kutoka begani hadi vidoleni

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 2003. Watafiti waliipasua desmogleini-1 vipande vipande maabara, wakauliza kingamwili za kila mtu zinashika kipande kipi. Kwa wakazi wazima, na kwa wagonjwa katika ile miaka ya kabla ya dalili, kingamwili zilishika EC5, yaani begani. Kwa wagonjwa walio katikati ya ugonjwa, zilishika EC1 na EC2. Mtu anaweza kukushika bega na wewe ukaendelea kumshika jirani mkono bila taabu. Akikushika vidole, mkono unaachia.

Mkono wa kinga unahamaje kutoka bega hadi vidole? Hapa inabidi tuangalie jinsi seli B, zinazotengeneza kingamwili, zinavyopata ruhusa ya kufanya kazi. Seli B peke yake haifiki mbali. Inakamata protini, inaimeza nzima, inaikata, halafu inaonyesha vipandevipande vyake kwa seli T saidizi. Seli T ikikitambua kipande kimojawapo, inaipa seli B msaada wa kuzaliana na kujinoa. Sasa, seli B iliyoikamata desmogleini-1 kwa EC5 imemeza protini yote, EC1 ikiwemo. Seli T zikishaamka dhidi ya kipande fulani cha protini hiyo, zitamsaidia yeyote anayekionyesha kipande hicho, hata seli B nyingine iliyoikamata protini kwa EC1. Mlango uliofunguliwa na mmoja unapitiwa na wengine. Seli T zinazoitambua desmogleini-1 zimepatikana kweli katika damu za wagonjwa, kwa hiyo haya si maelezo ya kitabuni tu.

Jibu la pili lilitoka mwaka huohuo. Kingamwili za IgG zina matawi manne. Walipolinganisha wagonjwa na wakazi wazima, tofauti katika IgG1 ilikuwa ndogo. IgG4 ndiyo iliyotengana kabisa: kwa wagonjwa ilikuwa juu karibu mara 19. Kumbuka kwamba IgG4 ndiyo iliyowababua panya mwaka 1989. Mtu asiyeugua wa Limão Verde anaweza kuishi na IgG1 yake dhidi ya desmogleini-1 kwa miaka. Hatari inakuja pale seli zake B zinapogeuza uzalishaji kuelekea IgG4.

IgG4 ina tabia yake. Mwili haukimbilii kuitengeneza siku ya kwanza ya kukutana na kitu kigeni. Hutokea baada ya kukutana na kitu kilekile tena na tena, kwa muda mrefu. Mfano maarufu ni wafuga nyuki: wanaodungwa miaka nenda miaka rudi huwa na IgG4 nyingi dhidi ya sumu ya nyuki, na kwao ni faida, kwa sababu inawapunguzia mzio. Basi IgG4 nyingi katika damu ya Mterena mgonjwa ilikuwa dokezo kubwa. Kuna kitu kilikuwa kikiuingia mwili wake mara kwa mara, tangu utotoni.

Mate ya inzi

Wazee wa eneo lile na madaktari wa zamani walishaona kwamba ugonjwa unafuata mito na mashamba mapya. Uchunguzi wa makazi uliongeza kwamba wagonjwa wengi waliishi katika nyumba za kuta za udongo na paa za majani, na waliumwa zaidi na wadudu: inzi weusi wadogo wa kando ya mito, kunguni, na wadudu wengine wanyonya damu. Katika jimbo la São Paulo, ambako ugonjwa ulikuwa umeenea sana katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, ulipungua kadiri mashamba na miji ilivyochukua nafasi ya mapori.

Mtuhumiwa aliyepatikana na ushahidi mzito zaidi ni inzi wa mchanga aitwaye Lutzomyia longipalpis, yuleyule anayeeneza ugonjwa wa lishmania nchini Brazili. Katika mate yake kuna protini iliyopewa jina LJM11. Mwaka 2012 timu ya Diaz ilionyesha kwamba IgG4 za wagonjwa wa fogo selvagem zinaishika LJM11, na kwamba kingamwili zilizotengenezwa kutokana na seli B za wagonjwa zinazishika zote mbili, LJM11 na desmogleini-1. Walipowachanja panya kwa LJM11 peke yake, panya wakatengeneza kingamwili zinazoitambua desmogleini-1. Baadaye protini nyingine ya mate hayohayo, LJM17, nayo ikaingia kwenye orodha.

Ushahidi huo unatatua kitendawili kilichonisumbua niliposoma habari hizi mara ya kwanza. Mwili una vizuizi. Tunajua tangu kazi iliyochapishwa mwaka 2003 na Hedda Wardemann na wenzake kwamba zaidi ya nusu ya seli B changa zinazotoka kwenye uboho wa binadamu zina uwezo wa kushika vitu vya mwili wenyewe. Nyingi huondolewa au kunyamazishwa njiani, na zinazoponyoka hukosa msaada wa seli T, maana seli T dhidi ya mwili nazo zimechujwa. Sasa seli B dhidi ya ngozi ilipata wapi ule msaada wa mwanzo? Ilipewa kwa haki kabisa, kwa sababu ilikuwa inapambana na mate ya inzi. Inzi ni mgeni, seli T dhidi yake zipo na zinaruhusiwa. Seli B ikasaidiwa, ikazaliana, na katika kunolewa kwake, ambako vinasaba vya kingamwili hubadilishwa kwa kubahatisha ili kupata mshiko bora, baadhi ya watoto wake wakawa na mshiko unaoitosha pia desmogleini-1. Kila hatua ilikuwa kinga ikifanya kazi yake ipasavyo. Hakuna siku moja unayoweza kuionyesha kidole na kusema hapa ndipo ilipokosea.

Lakini wanaoumwa na inzi ni wengi, na wanaougua ni wachache. Sehemu ya tofauti imo katika urithi. Protini zinazoonyesha vipande kwa seli T hutofautiana kati ya mtu na mtu, na wagonjwa wa fogo selvagem wana, mara nyingi kuliko majirani zao, aina fulani za HLA-DRB1, mojawapo ya protini hizo, kama 0404, 1402 na 1406, ambazo zinafanana katika mfuko wa kushikilia kipande. Hilo linaelezea kwa nini ugonjwa hufuata koo. Hata hivyo wapo wenye aina hizo wasiougua kamwe.

Inzi wa kwetu

Msomaji wa Morogoro au kaskazini mwa Uganda atakuwa ameshakumbuka jambo. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alieleza, huko Mahenge, ugonjwa wa watoto kusinzia kichwa, aina ya kifafa ambayo baadaye ilionekana pia Uganda na Sudan Kusini. Vijiji vinavyougua ni vile vya kando ya mito yenye inzi weusi wadogo wanaoeneza minyoo ya usubi. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya watoto hao wana kingamwili dhidi ya protini ya mwili iitwayo leiomodini-1, iliyomo pia kwenye ubongo, na kwamba kingamwili hizo zinashika pia protini ya mnyoo wa usubi. Mfanano na Limão Verde unavutia mno, na ndiyo maana nataka tuwe waangalifu nao. Kingamwili hizo zilikutwa pia kwa baadhi ya watu wa vijiji hivyo wasiougua. Brazili walivuka kizingiti hicho kwa kuonyesha kwamba kingamwili za mgonjwa zikihamishiwa kwa panya zinaleta ugonjwa wenyewe, na kwamba za mgonjwa zinatofautiana na za mzima kwa tawi na kwa mahali zinaposhika. Kwa ugonjwa wa kusinzia kichwa, ushahidi haujafika hapo. Uhusiano na usubi wenyewe, kwa upande mwingine, una nguvu, na dawa ya ivermektini kwa kijiji kizima ina sababu ya kutolewa bila kusubiri mjadala wa kingamwili uishe.

Kwa anayeshika karatasi ya majibu

Kisa hiki kinamhusu pia mtu anayetoka maabara ya Dar es Salaam au Nairobi akiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba kipimo cha ANA, cha kingamwili dhidi ya viini vya seli, ni chanya. Wengine hulia hapohapo, wakiamini wameshaambiwa wana lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Utafiti wa maabara nyingi uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba damu ikizimuliwa kwa uwiano wa 1:40, karibu theluthi ya watu wazima kabisa huonekana chanya, na kwa 1:160 bado asilimia 5. Upande wa pili upo nao. Mwaka 2003 watafiti walifungua hazina ya damu za wanajeshi wa Marekani wakawachunguza 130 waliopata lupasi, na 115 kati yao walikuwa na angalau kingamwili moja dhidi ya mwili kabla ya kugunduliwa, mwingine hadi miaka 9.4 kabla. Nazo zilijitokeza kwa mpangilio, zile za kawaida kwanza, zile zinazohusishwa zaidi na lupasi yenyewe karibu na ugonjwa. Kwa hiyo daktari anayemwambia mgonjwa kwamba kipimo chanya si kitu anakosea, na anayemwandikia dawa kali kwa karatasi peke yake anakosea zaidi. Kinachotakiwa ni kumchunguza mwenye karatasi, viungo vyake, ngozi yake, mkojo wake, na kuangalia kama kingamwili zinaongezeka aina.

Wanapopona

Wagonjwa wengi wa fogo selvagem hutulia kwa prednisoloni, na wasioitikia hupewa dawa nyingine za kupunguza kinga. Wakitulia, damu zao hueleza jambo la ajabu. Kingamwili dhidi ya desmogleini-1 mara nyingi hazitoweki. Zinarudi kushika EC5, na IgG4 inashuka. Mtu aliyepona Limão Verde anafanana kidamu na jirani yake ambaye hakuugua kamwe. Safari ile ya kutoka begani hadi vidoleni inaweza kurudi nyuma.

Dawa tulizonazo hazijui kutofautisha hayo. Prednisoloni inashusha kinga yote. Rituksimabu inafagia karibu seli B zote, zile za ugonjwa na zile za kumlinda mtu na nimonia. Njia yenye kulenga zaidi ilianza kwa binamu wa ugonjwa huu: mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitengeneza seli T zilizovishwa kipande cha desmogleini-3, ili seli B inayokuja kukishika kipande hicho ndiyo iuawe na nyingine ziachwe. Kwa panya ilifanya kazi. Kwa Limão Verde chambo kingekuwa desmogleini-1, na nadhani kingepaswa kuwa EC1 na EC2 tu, maana seli B za EC5 zimekaa na watu wale miaka yote bila kuwadhuru. Gharama ya tiba ya namna hiyo iko mbali sana na mfuko wa mkulima wa Kiterena. Chandarua chenye dawa na nyumba isiyo na nyufa za kuficha wadudu viko karibu zaidi.